Uzi maalumu: Kukadiria kalori unapokula mgahawani, na sababu inayofanya makadirio yetu yaangukie chini

#1. Mleta uzi

Wadau, salaam.

Lipo swali linalojirudia kila tunapojadili lishe, na kwa maoni yangu halijapata jibu la kuridhisha. Mtu aliyezoea kupima chakula chake nyumbani kwa mizani na kijiko afanye nini anapokula mgahawani, mahali ambapo hakuona chakula kikipimwa wala kikipikwa? Wapo wanaosema siku hiyo asihesabu chochote, na kwa mtu anayekula nje mara chache ushauri huo hauna ubaya. Wapo pia wanaosema akadirie tu kwa macho, kwa kuwa mwisho wa mwezi makosa yatajisawazisha yenyewe. Hoja hii ya pili ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi.

Makosa hujisawazisha pale tu yanapokwenda pande zote mbili, leo ukizidisha na kesho ukipunguza. Makosa ya mgahawani hayana tabia hiyo. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha makadirio ya wateja wa migahawa ya chakula cha haraka na kalori halisi za vyakula walivyonunua, kwa kutumia risiti zao. Watu wazima walikosea kwa wastani wa kalori 175 kwa upande wa chini, na takriban robo ya washiriki walipunguza kwa kalori 500 au zaidi. Kadiri mlo ulivyokuwa mkubwa, ndivyo makadirio yalivyozidi kuachwa nyuma. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa kundi dogo la watu waliolalamika kwamba hawapungui uzito hata wakila kidogo sana. Walipopimwa kwa njia za maabara, ilionekana kwamba walikuwa wakiripoti karibu nusu tu ya chakula walichokula kweli (upungufu wa asilimia 47), na si kwamba walikuwa waongo. Waliamini walichokiandika.

Kosa lenye upande mmoja halifutiki kwa kurudiwa; linajumlishwa. Kwa hiyo swali la maana ni kitu gani hasa tunachokiruka kila tunapokadiria.

Jibu langu ni mafuta, na kila nitakachoandika hapa chini kinatoka kwenye jibu hilo. Gramu moja ya wanga ina takriban kalori 4, gramu ya protini vilevile 4, kileo 7, na mafuta 9. Viwango hivi vina asili yake katika kazi ya mwanakemia wa Marekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo ndivyo vinavyotumika kwenye lebo za vyakula. (Tunachokiita kalori katika mazungumzo ya kila siku ni kilokalori, nami nitaendelea kuiita kalori kama watu wote.) Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, chenye takriban gramu 14, kina kalori zipatazo 120. Wali uliopikwa wenye kalori hizo hizo una uzito wa takriban gramu 90, yaani zaidi kidogo ya nusu kikombe. Wali huo unauona kwenye sahani, unaweza kuugawa kwa uma na kuuacha. Kijiko cha mafuta kimeshaingia ndani ya mboga, kimepaka wali, kimenyonywa na nyama, na jicho halina namna ya kukihesabu.

Kwa hiyo mgahawani ninapendekeza tupindue utaratibu. Wengi huanza na nyama, wakaja kwenye wali, wakamalizia na mboga, kisha wakakumbuka mafuta kama nyongeza ndogo mwishoni, ikiwa wamekumbuka. Mimi nasema tuanze na mafuta: yaliingiaje kwenye chakula hiki, na kwa kiasi gani? Ukishajibu hilo kwa uaminifu, vilivyobaki havitakupeleka mbali na ukweli.

#2. Mchangiaji

Mkuu, nimekusoma vizuri, ila naona unatengeneza ugumu pasipo ugumu. Siku hizi migahawa mingi mikubwa inaandika kalori kwenye menyu yenyewe. Mtu achague iliyoandikwa, asome namba, aandike, amalize. Kwa nini tuhangaike na kukadiria?

#3. Mleta uzi

Ndugu, namba ikiwepo itumie, wala sina ubishi nawe hapo. Ila angalia ni wapi ipo. Nchini Marekani sharti la taifa zima lilianza kutekelezwa Mei 2018, nalo linahusu migahawa yenye matawi 20 au zaidi chini ya jina moja. Nchini Uingereza, na hapo ni kwa England peke yake, kanuni zilianza Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Mgahawa wa familia moja, mwenye jiko moja na wapishi watatu, hauguswi na sheria hizo hata katika nchi hizo, na duniani kote migahawa ya aina hiyo ndiyo mingi.

Pili, namba ya kwenye menyu ni ya chakula kilichopikwa kwa kufuata vipimo vya makao makuu. Sahani iliyo mbele yako imepakuliwa na mtu. Mwaka 2011 jarida la JAMA lilichapisha utafiti ambao watafiti walinunua vyakula 269 kutoka migahawa 42 nchini Marekani, wakavipima maabara. Kwa wastani namba zilizotangazwa zilikuwa sahihi, jambo la kuwasifu wahusika, lakini asilimia 19 ya sampuli zilikuwa na angalau kalori 100 zaidi ya zilizotangazwa. Na hapa ndipo penye funzo kwa wanaojichunga: vyakula vilivyotangazwa kuwa na kalori chache ndivyo vilivyoelekea zaidi kuzidi namba yake. Sababu si ngumu kuiona. Chakula kinachodaiwa kuwa na kalori 300 kikizidishiwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kimeongezeka kwa asilimia 40. Chakula cha kalori 1,200 kikizidishiwa kijiko hicho hicho, kimeongezeka kwa asilimia 10 tu.

Kwa hiyo soma namba, kisha itazame sahani. Ukiona sosi imemwagwa hadi ukingoni, namba ya menyu haikuiona sosi hiyo.

#4. Mchangiaji (mpishi)

Naomba nichangie kama mtu wa jikoni, maana mleta mada amegusa kazi yangu.

Jikoni wakati wa msongamano hakuna anayepima mafuta kwa kijiko. Tuna chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba, unaibana mara moja juu ya kikaango na kazi inaendelea. Mbano mmoja wa kawaida si chini ya kijiko kikubwa, na mara nyingi ni viwili. Mboga za majani na karoti tunazichemsha mapema kwa dakika chache, tunazitia kwenye maji ya barafu zibaki na rangi, na oda ikija tunazipasha kwenye kikaango chenye siagi. Ule mng'ao mnaoupenda kwenye mboga za mgahawani ni siagi. Mteja akiniambia ameagiza mboga za mvuke, nazo zinang'aa kama zimepigwa vanishi, ajue kilichotokea.

Nyama ya kubanikwa nayo ina siri yake. Inapakwa mafuta kabla ya kuwekwa kwenye moto isigande, na ikitoka inapumzishwa, kisha wapishi wengi huweka kipande cha siagi juu yake kiyeyuke. Sosi nyingi zinamaliziwa vivyo hivyo: ikiwa tayari, unatoa sufuria motoni, unatupia vipande vya siagi baridi na kukoroga mpaka ishikane. Mkate unaoletewa kabla ya chakula umepakwa mafuta. Mkate wa baga umekaangwa upande wa ndani kwenye siagi ili usilowe. Saladi hatuimwagii sosi juu. Tunaigeuza ndani ya bakuli mpaka kila jani lipakwe, na sosi iliyobaki chini ya bakuli ni ndogo sana.

Sisemi haya kuwachafulia watu hamu ya kula. Mafuta ndiyo yanayobeba harufu na ladha, na mteja akipewa chakula kisicho na mafuta hurudisha sahani. Ila mtu anayehesabu akiandika "kuku wa kubanikwa, mboga, wali" kama alivyopika nyumbani, anahesabu chakula ambacho hatukumpikia.

#5. Mleta uzi

Mkuu mpishi, asante sana. Nilikuwa natafuta namna ya kueleza hayo bila kuonekana nawasingizia watu.

Sasa tuchukue sahani moja tuifanyie hesabu mpaka mwisho. Tuseme umeagiza kidari cha kuku cha kubanikwa, wali, mboga na sosi ya krimu. Kwa macho unaona kipande cha kuku kisicho na ngozi cha takriban gramu 150 baada ya kuiva, ambacho ni kalori kama 250 (kidari kilichoiva kina takriban kalori 165 kwa kila gramu 100). Wali ni kikombe kimoja na nusu, gramu 240 hivi, nao ni kalori 310, maana wali uliopikwa una kalori zipatazo 130 kwa gramu 100. Mboga zenyewe tuseme 50. Ukikomea hapo unaandika kalori 610 na kuridhika kwamba umekula mlo wa wastani.

Sasa anza na mafuta, kama nilivyopendekeza. Kuku amepakwa mafuta kabla na baada ya moto: weka nusu kijiko kikubwa, kalori 60. Wali wa mgahawani aghalabu hupikwa na mafuta usishikane: kalori nyingine 60 kwa kiasi hicho. Mboga zimepashwa kwa siagi: kijiko kikubwa kimoja, kalori 100 hadi 120. Sosi ya krimu ya vijiko vikubwa vinne, kwa krimu nzito yenye kalori kama 50 kwa kila kijiko, ni 200. Jumla ya hivyo ambavyo jicho halikuviona ni kama 430, na sahani nzima inakaribia 1,040. Mafuta yaliyofichika peke yake yamebeba asilimia 40 ya mlo. Kama ungekosea ukubwa wa kuku kwa robo nzima, kosa lingekuwa kalori 60 tu. Ndiyo maana sioni faida ya mtu kubishana na nafsi yake kama kuku alikuwa gramu 140 au 160, ilhali sosi hakuiandika.

Katika daftari sitaandika 1,040, kwa sababu namba hiyo inajifanya kujua kitu isichokijua. Nitaandika "900 hadi 1,200", na kama programu ya simu inalazimisha namba moja, nitaweka 1,100. Kwa kuwa tunajua kosa letu la asili linaangukia chini, kuegemea upande wa juu wa kadirio ni kulirekebisha, wala si kujitia hofu.

Saladi inahitaji maneno machache ya peke yake, maana ndiyo inayowaangusha watu makini. Majani, nyanya na matango ya bakuli zima hayafiki hata kalori 50. Sosi ya kawaida ya mafuta na siki hutengenezwa kwa sehemu tatu za mafuta na moja ya siki, hivyo vijiko vikubwa vinne vya sosi hiyo vina vijiko vitatu vya mafuta: kalori 360. Ongeza gramu 30 za jibini gumu, kalori 120, na gramu 30 za lozi au karanga, kalori kama 175. Bakuli hilo, kabla hujaweka nyama yoyote, limepita kalori 650. Kuiagiza sosi iletwe pembeni ndani ya kibakuli ni hatua moja ndogo inayorudisha hesabu mikononi mwako, kwa sababu sasa unaona ulichotumia na ulichobakiza.

#6. Mchangiaji

Na vyakula vya kuzamishwa kwenye mafuta je? Hapo mafuta hayapimiki hata kwa mbano wa chupa.

#7. Mleta uzi

Swali zuri. Chakula kinapozama kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka, na mafuta huchukua sehemu ya nafasi iliyoachwa, hasa chakula kinapotolewa na kuanza kupoa. Kwa hiyo mambo mawili yanatokea pamoja: kalori zinaongezeka na uzito wa maji unapungua. Viazi vya kuchemsha vina takriban kalori 87 kwa gramu 100. Chipsi za mgahawani zinakaribia 300 kwa uzito huo huo. Vile vikaukau vya viazi vya pakiti, ambavyo maji yake karibu yote yametoka, vinapita 500.

Kanuni ya kukadiria ni kuangalia uso. Kadiri kipande kilivyo chembamba, ndivyo kinavyokuwa na uso mkubwa ukilinganisha na uzito wake, na ndivyo kinavyobeba mafuta mengi zaidi. Chipsi nene ni nafuu kuliko nyembamba. Samaki au kuku aliyepakwa unga na chenga za mkate hunywa mafuta kupitia lile gamba, kwa hiyo kipande kidogo chenye gamba nene ni kizito kuliko kinavyoonekana. Biringanya ni kundi lake. Nyama yake ina matundu mengi na inanyonya mafuta kupita mboga nyingi.

Vinywaji havina fumbo kubwa. Soda ya mililita 330 ina kalori kama 140, juisi ya machungwa ya ujazo wa robo lita inazidi 100, bia ya asilimia 5 ya mililita 330 ni takriban 140, na glasi ya mvinyo ya mililita 150 ni kama 125. Kosa kwenye vinywaji ni kusahau kuandika kabisa, au kusahau glasi ya pili.

#8. Mchangiaji

Mimi natumia insulini kwa ajili ya kisukari, na nimejifunza kuhesabu wanga kabla ya kila mlo. Naomba niseme kwamba kwa watu kama mimi utaratibu wa mleta mada unabadilika. Dozi yangu ya insulini ya mlo inategemea gramu za wanga na si jumla ya kalori. Ninapokaa mgahawani naanza na wali, mkate, viazi, unga uliopakwa kwenye nyama, na sukari iliyofichwa kwenye sosi nyekundu zenye utamutamu. Mafuta nayaangalia kwa sababu tofauti: mlo wenye mafuta mengi huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na sukari yangu hupanda saa kadhaa baadaye, wakati nilishadhani mambo yamekwisha. Mwenye hali kama yangu asibadilishe chochote kwa kusoma uzi. Azungumze na wanaomtibu.

#9. Mleta uzi

Ahsante, dada, umenisaidia kuweka mpaka wa mada yenyewe. Ninachojadili hapa kinamhusu mtu anayefuatilia nishati ya chakula kwa ajili ya uzito wake. Anayehesabu wanga kwa dozi ya dawa afuate mafunzo aliyopewa.

#10. Mchangiaji

Mkuu, mimi nimekata tamaa. Nikila nje jioni moja tu, asubuhi mizani inaonyesha kilo moja na nusu zaidi. Kwa makadirio gani chakula cha jioni moja kikapandisha uzito namna hiyo? Inamaanisha hesabu zangu zote ni bure.

#11. Mleta uzi

Ndugu yangu, usikate tamaa kwa hilo, maana mizani inakuonyesha kitu kingine. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700 hivi. Ili jioni moja ikuongezee kilo moja na nusu ya mafuta, ungepaswa kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yako ya siku. Hukula hivyo.

Ulichokibeba ni maji kwa sehemu kubwa, pamoja na chakula chenyewe ambacho bado kiko njiani. Chakula cha mgahawani kina chumvi nyingi, na mwili huhifadhi maji ili kuizimua chumvi hiyo. Wanga uliozidi huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Subiri siku mbili tatu ukiwa kwenye utaratibu wako wa kawaida, uzito huo utashuka wenyewe. Mwenye kutaka kujua kama makadirio yake ya mgahawani ni ya kweli asitazame mizani ya kesho yake. Atazame wastani wa wiki kadhaa: kama hesabu zinasema anapungua na wastani umesimama pale pale, tofauti hiyo ndiyo ukubwa wa kosa lake, na anaweza kuiongeza kwenye makadirio yake ya baadaye bila kumlaumu mtu.

#12. Mchangiaji

Kuna programu za simu siku hizi unapiga picha ya sahani, nazo zinakupa kalori. Je, hazijamaliza mjadala?

#13. Mleta uzi

Picha inasaidia mahali ambapo jicho linasaidia, na inashindwa pale pale ambapo jicho linashindwa. Kamera inaweza kutambua kuku, wali na mboga, pengine hata kukisia ujazo wake, lakini haiwezi kujua kama mboga zilipashwa kwa kijiko kimoja cha siagi au vitatu, wala kama mchuzi mweupe ni krimu, maziwa au unga uliokorogwa. Namba itakayokuja ni ile 610 ya sahani yetu ya mfano, imevishwa suti. Mtu akiniuliza ningetumiaje programu hizo, ningemwambia aongeze mafuta kwa mkono, kama chakula cha ziada kinachojitegemea: "mafuta, vijiko vikubwa viwili".

Picha ina faida nyingine ambayo naipenda zaidi. Ipige ukiwa umeweka uma kando ya sahani, kwa sababu sahani za migahawa hutofautiana sana ukubwa, na kiasi kile kile cha wali kinaonekana kichache kwenye sahani pana. Uma wa mezani hauchezi mbali na sentimita 20. Ukiwa nyumbani, pakua chakula kinachofanana na kile mpaka kifanane na picha, kisha kipime kwenye mizani. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kulifundisha jicho. Baada ya kufanya hivyo kwa vyakula vichache unavyoviagiza mara kwa mara, ngumi na kiganja chako vinakuwa vipimo vya kutegemewa: ngumi kwa kikombe kimoja cha wali au tambi, kiganja bila vidole kwa gramu kama 100 za nyama iliyoiva, kidole gumba kwa kijiko kikubwa. Mikono haifanani, kwa hiyo pima wako mwenyewe kwanza.

Tahadhari moja kuhusu nyama: uzito unaoandikwa kwenye menyu kwa kawaida ni wa nyama mbichi. Ikiiva inapoteza maji na sehemu ya mafuta, na kipande kilichoandikwa gramu 300 kinaweza kukufikia kikiwa na 225 hivi. Ukichukua namba ya kalori za nyama iliyoiva na kuizidisha kwa uzito wa nyama mbichi, utajiongezea kalori ambazo hukula. Hili ni miongoni mwa makosa machache yanayoelekea juu.

#14. Mchangiaji

Samahanini, mimi naona uzi mzima unafundisha watu kuogopa chakula. Kula nje ni starehe na ni kukaa na watu. Mtu anayehesabu mbano wa chupa ya mpishi amebakiza nini cha kufurahia?

#15. Mleta uzi

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa kuliko unavyodhani. Wapo watu ambao kuhesabu kalori kunawadhuru waziwazi, hasa waliowahi kuugua matatizo ya kula, na nchini Uingereza shirika la hisani la Beat, linalowahudumia watu hao, lilipinga kuandikwa kwa kalori kwenye menyu kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa namna hiyo uzi huu si wake, na asijilazimishe.

Kwa wengine waliobaki, kiasi cha uangalifu kinategemea unakula nje mara ngapi. Chukua mtu mwenye mahitaji ya kalori 2,000 kwa siku, yaani 14,000 kwa wiki. Akila nje mara mbili kwa wiki na kila mara akapunguza kwa 300, amekosea kalori 600, kama asilimia 4 ya wiki. Hapo namwambia aweke simu mfukoni azungumze na wenzake. Lakini anayekula nje mara kumi kwa wiki kwa sababu ya kazi yake, kosa lile lile linampeleka kwenye kalori 3,000, zaidi ya 400 kwa kila siku, na pengine hicho ndicho kiasi chote alichokusudia kupunguza. Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia, na kwake kula nje si starehe tena. Ni chakula cha mchana cha Jumanne.

#16. Mchangiaji

Swali la mwisho kwa upande wangu. Kazini kwetu tunaagiza sahani nyingi za kushirikiana, zinawekwa katikati ya meza na kila mtu anachota. Hapo hata sahani ya kuipiga picha huna.

#17. Mleta uzi

Hiyo ndiyo hali ngumu kuliko zote, na inashinda hata makadirio ya mtu mzoefu, kwa sababu vijiko kumi vidogo havibaki kwenye kumbukumbu kama kijiko kimoja kikubwa. Kinachofaa ni kuigeuza iwe sahani yako: mwanzoni kabisa jipakulie kila unachokitaka kwenye sahani yako mwenyewe, kitazame mara moja, ukile, na ukirudi katikati ya meza rudi kwa kupakua tena badala ya kuchota na kupeleka mdomoni moja kwa moja.

Kama hilo haliwezekani, kadiria meza nzima kisha ugawanye. Hesabu sahani zilizokuja, kila moja uipe namba yake ukianza na mafuta, jumlisha, ugawe kwa idadi ya watu, kisha ujiulize kwa ukweli kama ulikula zaidi au pungufu ya fungu lako. Sahani nne zenye jumla ya kalori 4,000 kwa watu wanne ni 1,000 kila mmoja. Kama wewe ndiye uliyemalizia chipsi, andika 1,200.